Stairway to Heaven kwa gitaa: anzia mwisho, malizia mwanzo

Jioni moja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa napiga gitaa kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mgeni mmoja, mtu wa makamo, akanisogelea akaniomba "Stairway to Heaven". Nikafurahi, maana mwanzo wake nilikuwa naujua hata gizani. Nikaanza. Watu wakageuza viti, mazungumzo yakapoa. Nilipofika mwisho wa ile sehemu ya kwanza nikairudia. Nikairudia tena. Mara ya nne yule mgeni akanitazama usoni, akaelewa kwamba sikuwa na kingine. Akanipigia makofi ya heshima, akarudi mezani kwake.

Tangu siku ile siwafundishi wanafunzi wangu wimbo huu kwa kuanzia mwanzo. Wimbo wote una dakika 8 na sekunde 2, na kile kipande ambacho karibu kila anayeshika gitaa anakijua hakifiki hata dakika moja. Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza ya Led Zeppelin, aliyetunga muziki wake, aliujenga kama ile ngazi iliyotajwa kwenye jina: gitaa kavu peke yake, kisha filimbi, kisha sauti ya Robert Plant, kisha magitaa ya umeme, kisha dramu, kisha solo, kisha bendi nzima kwa nguvu zote. Ukijifunza ngazi ya chini pekee, utabaki hapo hapo miaka kumi, kama nilivyobaki mimi. Kwa hiyo sisi tutaanzia juu na kushuka. Siku utakayofika mwanzo, utakuwa tayari unajua pa kwenda.

Unahitaji gitaa lolote la nyuzi sita lililotyuniwa kawaida: E, A, D, G, B, E. Kavu linatosha, ingawa kwa solo, gitaa la umeme litakurahisishia kazi. Weka kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo ya kukuongoza mwendo, na uwe na rekodi yenyewe ya mwaka 1971, siyo ya mtu mwingine anayeuiga. Katika maelezo haya uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, na wa sita ni ule mnene.

Hatua ya 1: Kodi tatu za mwisho

Sehemu ya mwisho, pale Plant anapoimba kwa sauti ya juu kabisa, inasimama juu ya kodi tatu tu: A maina, G na F. Zipige kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote: A maina kwenye freti ya 5 (yaani nafasi ya tano kati ya vyuma vya shingo, ukihesabu kutoka kichwani), G kwenye freti ya 3, F kwenye freti ya 1. Kama kulaza kidole bado kunakutesa, shika nyuzi tatu nene peke yake, kwa umbo la kodi zile zile. Kwa sehemu hii itasikika vizuri, pengine vizuri zaidi.

Hesabu iko hivi. A maina mapigo mawili, G mapigo mawili, F mapigo manne. Kabla F haijaisha, gusa G kwa haraka, ikusukume kurudi kwenye A maina. Zungusha hivyo bila kusimama. Anza na metronomu kwenye mapigo 70 kwa dakika na usipande mpaka mabadiliko yawe yanatoka bila kuutazama mkono. Mwisho wa safari utahitaji kufika karibu 100.

Mkono wa kulia ndio wenye kazi hapa. Usikwangue nyuzi zote kila pigo. Legeza vidole vya mkono wa kushoto kidogo kati ya kodi na kodi ili nyuzi zizimike na kutoa ule mlio mkavu wa "chk", kisha bonyeza tena. Sikiliza John Bonham kwenye dramu, umfuate yeye, si mwimbaji. Wanafunzi wengi humfuata Plant kwa sababu anavutia sikio, halafu wanajikuta wamepotea.

Kaa hapa wiki nzima. Kodi tatu ni chache, lakini kuna jambo ndani yake ambalo tutalirudia tukifika hatua ya tano, na halitakuingia kama mikono haijazizoea.

Hatua ya 2: Solo

Solo linaanza karibu na dakika ya 6, juu ya A maina, G na F zile zile ulizozipiga wiki nzima. Ndiyo maana nilikuanzisha nazo: ukiwa na rafiki, mmoja azungushe kodi, mwingine apige solo, kisha mbadilishane. Ukiwa peke yako, jirekodi kwa simu ukipiga kodi kwa dakika tano, halafu pigia juu ya rekodi yako.

Noti zake nyingi zinatoka kwenye skeli ya A maina pentatoniki, yaani mfuatano wa noti tano: A, C, D, E, G. Kwenye freti ya 5 zinakaa hivi: uzi wa sita freti ya 5 na 8, wa tano, wa nne na wa tatu freti ya 5 na 7, wa pili na wa kwanza freti ya 5 na 8. Kila mpiga solo ameshaipita njia hii. Kinacholifanya solo hili liimbe ni noti moja iliyoongezwa nje ya zile tano, nayo ni F. Besi ikishuka kwenye F, Page huigusa F pia. Iko kwenye uzi wa pili, freti ya 6. Jaribu mwenyewe: piga pentatoniki juu ya A maina na G, na kodi ya F ikiingia tua juu ya F na uiache itetemeke. Ghafla solo lako halitakuwa skeli tena, litakuwa linajibu kodi.

Kuvuta uzi ni somo lake lenyewe. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya 7, na cha kati nyuma yake kusaidia. Vuta hadi noti ifanane na ile ya uzi wa pili, freti ya 5. Zipige mbili hizo kwa zamu mara hamsini kwa siku. Ukiishia chini kidogo ya noti, msikilizaji ataumia hata kama hajui kwa nini. Hili siwasamehi wanafunzi wangu, na nawaomba msijisamehe.

Bendi ilianza kuurekodi wimbo huu Desemba 1970 kwenye Island Studios, mtaa wa Basing, London, mhandisi wa sauti akiwa Andy Johns. Solo lilirekodiwa baadaye katika studio hiyo hiyo. Siku hizo Page alikuwa anajulikana kwa Gibson Les Paul, lakini kwa solo hili alichukua Fender Telecaster ya mwaka 1959 aliyopewa na rafiki yake Jeff Beck. Hakulitunga noti kwa noti kabla. Alilipiga papo kwa papo mara kadhaa, kisha akachagua moja. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho walimu wengine hawakiombi: usikimbilie kulikariri. Piga lako kwanza, wiki mbili, hata likiwa baya. Baada ya hapo ndipo ulisikilize la Page kipande kwa kipande, kwa mwendo uliopunguzwa, na utagundua kila alipochagua tofauti na wewe, na kwa nini.

Hatua ya 3: Lango la D

Kabla ya solo kuna kipande kifupi cha kodi zinazolia kama tarumbeta za kumkaribisha mgeni rasmi. Shika D ya kawaida iliyo wazi. Weka kidole kidogo kwenye uzi wa kwanza freti ya 3, kipige, kiondoe ubaki na D, kisha inua na kidole kilichoko freti ya 2 ili uzi wa kwanza ulie wazi. Mabadiliko yote yako kwenye uzi huo mmoja. Katikati yake C huingia na kutoka.

Shida si vidole, ni hesabu. Mapigo ya hapa hayatulii kwenye nne kama mahali pengine, na anayejaribu kuyahesabu kwa namba huchanganyikiwa. Yaimbe. Weka gitaa chini, cheza rekodi, imba kipande hicho kwa "ta-ta-taa" mpaka mwili uujue, ndipo ushike gitaa.

Studioni Page alizipiga sehemu hizi kwa Fender ya umeme yenye nyuzi 12, ndiyo maana zinang'aa vile. Jukwaani likawa tatizo: angebadilishaje magitaa katikati ya wimbo? Akapata Gibson EDS-1275, gitaa jekundu lenye shingo mbili, ya juu nyuzi 12 na ya chini nyuzi 6. Watu wengi wanadhani lilikuwa pambo. Lilikuwa jibu la swali la kazi.

Mara ya kwanza wimbo kupigwa mbele ya watu ilikuwa 5 Machi 1971, Ulster Hall, Belfast, miezi minane kabla ya albamu kutoka. John Paul Jones, mpiga besi, alikumbuka baadaye kwamba watu walichoka kusikiliza; walitaka nyimbo walizozijua. Huwa nakumbusha hili kila mwanafunzi anaporudi na huzuni kwa sababu wageni harusini hawakumsikiliza.

Hatua ya 4: Katikati

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ukishafika hapa mikono yako inajitosheleza. Kodi za kuzoea ni C, D, F meja saba na A maina, kwa mpangilio huo, kisha C, G, D. F meja saba ni rahisi kuliko F: uzi wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1, wa kwanza wazi. Mbele zaidi, magitaa ya umeme yakishaingia, utakutana na A maina saba ikienda kwenye D, na beti za baadaye zinatembea kwa C, G, A maina.

Kitu kimoja cha kuzingatia: Bonham haugusi wimbo huu mpaka dakika ya 4 imepita. Mpiga dramu mwenye nguvu kuliko wengi wa zama zake alikaa kimya nusu ya wimbo. Ukiwa na bendi, mkatalie mpiga dramu wako kwa upendo lakini bila kulegea. Hata kugusagusa sahani taratibu asifanye.

Hatua ya 5: Sasa mwanzo

Tumefika chini ya ngazi. Usitumie piki, tumia vidole: dole gumba kwa uzi wa nne, cha shahada kwa wa tatu, cha kati kwa wa pili, cha pete kwa wa kwanza. Mara kadhaa utabana uzi wa kwanza na wa nne kwa pamoja, kama anayeokota kitu kwa vidole viwili. Wewe uliyekulia ukisikiliza gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye dole gumba na cha shahada vyake vilifanya kazi ya watu wawili, hutapata taabu kubwa. Utaratibu ni tofauti, lakini uhuru wa dole gumba ni ule ule.

Umbo la kwanza. Laza kidole cha shahada kwenye freti ya 5 kufunika nyuzi tatu nyembamba, weka cha pete kwenye uzi wa nne freti ya 7. Piga uzi mmoja mmoja: wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza.

Umbo la pili. Shahada ibaki palepale. Cha kati kiende uzi wa nne freti ya 6, kidole kidogo uzi wa kwanza freti ya 7. Bana hizo mbili pamoja, kisha wa pili, wa tatu, na wa kwanza tena.

Umbo la tatu. Shahada sasa ifunike na uzi wa nne, yote freti ya 5. Kidole kidogo kisogee uzi wa kwanza freti ya 8. Bana, wa pili, wa tatu, wa kwanza.

Umbo la nne ndipo wengi wanapokatika, kwa sababu mkono unaruka chini ghafla. Ni D ya kawaida yenye kidole kidogo kwenye uzi wa nne freti ya 4. Cha shahada kwenye uzi wa tatu freti ya 2, cha kati uzi wa kwanza freti ya 2, cha pete uzi wa pili freti ya 3. Bana, wa pili, wa tatu, wa kwanza. Jizoeze mruko huu peke yake, kutoka umbo la tatu kwenda la nne, bila kupiga kitu kingine.

Umbo la tano ni F meja saba unayoijua tayari. Bana wa nne na wa kwanza ulio wazi, kisha acha vidole vizungukie nyuzi nyembamba kwa upole. Malizia kwa kupiga uzi wa tano freti ya 2 pamoja na wa tatu na wa pili zikiwa wazi, na papo hapo A maina fupi: wa tano wazi, wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1.

Sasa lile jambo nililokuahidi. Piga noti za uzi wa nne peke yake, polepole: freti ya 7, 6, 5, 4, 3. Ni A, G shapu, G, F shapu, F. Besi inashuka kwa hatua fupi kuliko zote, wakati uzi wa kwanza unapanda A, B, C. Mkono mmoja, njia mbili zinazoachana. Huzuni ya wimbo imelala hapo. Halafu rudi kwenye kodi za hatua ya kwanza: A, G, F. Ni safari ile ile, kutoka A hadi F, ila zile nusu hatua za katikati zimeondolewa. Kilichokuwa kinanyatia dakika ya kwanza kinakimbia dakika ya saba. Nilipoligundua hili nilikuwa nimeshaupiga wimbo zaidi ya miaka kumi, na nilikaa na gitaa mapajani nikashindwa kuendelea.

Mshuko huo wa besi ndio uliopelekwa mahakamani. Mwaka 2014 wasimamizi wa haki za Randy California, mpiga gitaa wa bendi ya Spirit aliyefariki 1997, walidai kwamba mwanzo wa wimbo huu umetoka kwenye "Taurus", kipande kisicho na maneno alichokitoa mwaka 1968. Baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles liliamua mwaka 2016 kwamba haukunakiliwa. Rufaa zikaendelea hadi Machi 2020, mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi ule, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Sikiliza vipande vyote viwili uamue mwenyewe kuhusu sikio lako. Mimi naona vinafanana katika mshuko, na mshuko ule ni wa zamani mno kuwa mali ya mtu. Henry Purcell, mtunzi wa Uingereza, aliutumia kwenye wimbo wa kilio cha malkia Dido katika opera yake ya mwishoni mwa karne ya 17. Ninachokisikia kwa Page na si kwingine ni ile sauti ya juu inayopanda huku besi ikishuka, na dakika saba zilizojengwa juu yake.

Maneno yalikuja Headley Grange, jumba la mawe huko Hampshire lililojengwa mwaka 1795 kwa ajili ya kuwahifadhi maskini. Bendi ilikuwa inaishi na kufanya mazoezi humo. Plant aliandika sehemu kubwa ya maneno hayo akiwa ameketi karibu na moto, huku muziki ukipigwa. Filimbi za mbao unazozisikia mwanzoni zilipigwa na Jones, na besi ya kawaida haipo kabisa mpaka baadaye. Kwa hiyo dole gumba lako ndilo besi. Lisikike.

Hatua ya 6: Kuunganisha, na kuongeza mwendo

Unganisha kwa kurudi nyuma vile vile. Piga solo na mwisho. Kisha lango, solo na mwisho. Kisha katikati, lango, solo na mwisho. Kila siku unaongeza sehemu moja kwa nyuma, na kila mara unamalizia mahali unapopajua vizuri, ndiyo maana ujasiri unaongezeka badala ya kupungua.

Zima metronomu. Najua nilikwambia uitumie, lakini wimbo huu unaanza karibu mapigo 72 kwa dakika na unamalizia karibu 100, na hilo lilikusudiwa. Kabla ya Led Zeppelin Page aliishi kwa kupiga gitaa kwenye rekodi za wengine, kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kutoongeza mwendo. Alilivunja kwa makusudi. Ila mwendo uongezeke kama maji ya bahari yanavyojaa: mtu aliyesimama ufukweni asione yakipanda, aone tu kwamba miguu imeloa. Jirekodi mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mahali fulani umeruka, rudi hapo.

Ukitaka kusikia jinsi wimbo unavyoweza kupita mikono mingine bila kupoteza uzito wake, tafuta onyesho la Kennedy Center, Washington, Desemba 2012. Ann na Nancy Wilson wa bendi ya Heart wanaupiga, Nancy akianza na gitaa kavu, kwaya kubwa ikisimama nyuma. Kwenye dramu yuko Jason Bonham, mtoto wa John aliyefariki 1980. Page, Plant na Jones wamekaa roshani wakisikiliza, na macho ya Plant yamejaa machozi. Mtazame Nancy katika dakika ya kwanza. Hana haraka yoyote.

Bado kitu kimoja, na ni cha mkono wa kulia. Baada ya F ya mwisho kabisa magitaa yananyamaza, dramu zinanyamaza, na sauti ya Plant inamalizia mstari wa mwisho peke yake. Wapiga gitaa wengi huongeza kodi hapo kwa sababu ukimya unawatisha. Usiongeze. Laza kiganja juu ya nyuzi zote sita mpaka zisitetemeke tena, ukibakize hapo, umwache mwimbaji amalize.